Magunia Yasiyo na Kitambaa

Mume wangu alifariki katikati ya msimu wa alizeti, wakati ambao upepo wa Singida unavuma tangu asubuhi na vumbi linaingia hadi kwenye ugali. Stoo yetu ilikuwa imejaa.

Tulikuwa na kiwanda kidogo cha kukamua mafuta pembeni ya mji, upande wa njia ya kwenda Sepuka. Nikisema kiwanda, mtu asifikirie ukuta mrefu na geti. Ni banda la bati lililoegemea nyumba yetu, lenye mashine moja, mota moja na mapipa ya kutulizia mafuta, na pembeni yake stoo ya matofali. Mume wangu alipokea alizeti, akaipepeta, akaikamua. Mimi nilichota mafuta, nikachuja, nikaosha madumu, nikauza mashudu kwa wenye ng'ombe na nguruwe. Kwa wateja wengi mashudu hayo ndiyo yalikuwa malipo yetu. Mkulima aliondoka na mafuta yake, makapi yakabaki kwetu. Tuliishi hivyo, na hatukulala njaa.

Magunia ya wateja hayakuandikwa jina. Kila mkulima alifunga kitambaa chake shingoni mwa gunia. Mmoja alifunga kipande cha kanga, mwingine soksi ya mtoto, mwingine utepe wa kitenge, mwingine kipande cha fulana. Mume wangu alivijua vyote. Mteja akiingia alikuta magunia yake yameshasogezwa mlangoni, na alipenda hivyo, maana alizeti hazilingani. Iko nyeusi nyembamba inayotoa mafuta mengi, na iko ya mistari, nono kwa kuiona, lakini ndani ni maganda. Hakuna anayekubali kukamuliwa ya mwenzake.

Siku aliyofariki alikwenda mjini kununua mkanda wa mashine. Aliununua, akauacha dukani, akaenda mgahawani kunywa chai. Alianguka pale pale kabla chai haijafika. Mwenye duka la vipuri, mzee wa Kihindi aliyekuwa akituuzia vitu tangu tulipoanza, alikuja msibani akiwa ameushika ule mkanda umefungwa kwenye gazeti. Alisimama mlangoni hajui auweke wapi.

"Pole sana, mama. Alisema, 'Niwekee hapa, nakunywa chai narudi.' Nimeona nilete mwenyewe."

Niliupokea nikauweka chini ya godoro nililokuwa nimekalia. Ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho kilichotoka katika siku yake ya mwisho.

Watu walikuja wengi. Ndugu walitoka Iramba, wengine Manyoni, na wateja walifika kutoka vijiji vyote. Baridi ilikuwa kali na upepo haukulala. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ndiye aliyesimamia kila kitu. Nikiwa ndani nimefunikwa kanga nilisikia magunia yakiburutwa. Nilielewa wanatoa alizeti stoo ili wazee wa kike wapate pa kulala, na wanayapanga uani kama ukuta wa kuzuia upepo, wanaume waote moto nyuma yake. Lilikuwa wazo zuri. Nilitaka kusema, "Jamani, msiyachanganye," lakini sikusema. Kwetu mfiwa haulizwi wala haagizi. Mjane akianza kuzungumzia magunia mume hajazikwa, ataonekana hana uchungu, na neno hilo halifutiki.

Kitu ambacho sikukisikia ni wapishi. Masufuria ya msibani ni makubwa, na moto wa kuni unachoma mikono. Wanawake walitafuta vitambaa vya kuepulia, wakaviona viko vingi tu, vimefungwa kwenye magunia. Wakavifungua.

Baada ya kuondoa matanga watu walitawanyika. Binti yetu alikaa kidogo, kisha akarudi Dodoma kwa mumewe, maana naye alikuwa na mtoto mchanga. Asubuhi iliyofuata nilitoka uani peke yangu. Kulikuwa na majivu, mawe ya mafiga, na ule ukuta wa magunia, yote yanafanana. Vitambaa nilivikuta jikoni kwenye beseni, vimefuliwa vizuri na kukunjwa. Waliovifua walikuwa na moyo mwema. Nilikaa juu ya gunia moja nikavitazama, nikaelewa kwamba kiwanda chetu chote kilikuwa kichwani mwa mtu mmoja, na tulikuwa tumekwisha kukizika.

Shemeji alikuja kunijulia hali. Alizunguka ule ukuta mara kadhaa mikono ikiwa nyuma.

"Shemeji, mimi nakushauri kitu kimoja. Uza mashine kabla haijaingia kutu. Magunia wagawie kwa kukadiria, kila mtu apate lake."

"Nitakadiriaje?"

"Kwani huyu alileta ngapi, yule ngapi, hujui?"

"Idadi najua kidogo. Ila lipi ni la nani, sijui."

"Basi gunia ni gunia."

"Wewe hulimi alizeti," nilimwambia. Alicheka, maana ni kweli, yeye ni fundi rangi.

Niliona kwamba nikigawa kwa kukadiria, kila mmoja ataondoka akiamini amepewa la mwenzake, na hakuna atakayerudi. Kiwanda cha namna yetu hakifi kwa mashine kuharibika. Kinakufa msimu mmoja tu wateja wakipitiliza. Nikaomba litangazwe kanisani na msikitini, na waendesha bodaboda wakapeleka habari mnadani, kwamba wote walioacha alizeti kwetu waje Jumatatu, kila mmoja atambue ya kwake.

Walikuja. Niliwaeleza jinsi vitambaa vilivyotoka, sikuficha, wala sikumtaja mpishi yeyote. Kisha bibi mmoja jirani yetu, mjane wa siku nyingi, akapita kati ya magunia akiinama kama mtu anayetafuta kuni, akapiga moja kwa fimbo.

"Hili langu."

"Umelijuaje, bibi?" shemeji alimwuliza.

"Angalia mshono. Mimi nashona kama ninayefukuzwa na nyuki. Nani mwingine hapa anashona vibaya hivi?"

Watu walicheka, na baada ya hapo wakaanza kuinama wote. Mmoja alitambua kiraka, mwingine alama ya mbolea kwenye mfuko. Wanaume wawili wa kijiji kimoja, watani, walishika gunia moja huku na huku.

"Tafuna," alisema wa kwanza. "Mimi naanika juu ya jiwe. Yangu haina mchanga. Huyu anaanika chini, ukitafuna yake unatafuna na shamba."

Mwenzake alitafuna, akatema maganda, akaliachia. "Ni lake. Lakini hilo neno la kutafuna shamba utanilipa."

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa stoo nikiona magunia yanapungua kwa kila mmoja kupata lake, nikaanza kupumua. Ndipo mzee mmoja wa Sepuka akanijia. Huyu alikuwa mteja mkubwa kuliko wote. Alileta yake na ya majirani zake kwa lori la Fuso, na kijiji kilimfuata. Akikaa, wanakaa. Akihama, wanahama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Pole tena. Moja langu halipo."

Tulitafuta. Tulitafuta nyuma ya choo na ndani ya banda la kuku. Alizeti yake ilikuwa nyeusi, mbegu ya kununua, na hakuna mwingine siku ile aliyekuwa na nyeusi kama ile. Haikuonekana. Mpaka leo sijui lilikwenda wapi.

"Mzee," shemeji alisema, "msibani vitu hupotea. Tusamehe."

"Nimeshasamehe. Nauliza tu lilipo."

Nikamwambia achukue gunia kutoka yale ya shamba letu. Alichota kiganjani, akaipuliza.

"Hii ya mistari, mama."

"Basi nitakukamulia yetu mpaka mafuta yafikie ya gunia lako. Hata nikimaliza magunia yetu yote."

"Utakamua wewe?"

"Mimi."

Wote walisikia. Waliokuwa wanarudisha magunia yao stoo waliyaacha wakasogea bandani. Nilikwenda kutoa mkanda chini ya godoro. Shemeji alinisaidia kuuvalisha, nikawasha mota.

Nilikuwa nimeiona mashine ile ikifanya kazi miaka mingi, lakini ukiwa pembeni na dumu mkononi unaona mafuta tu. Mashudu yalitoka mazito kama ugali uliopoa, mafuta yakawa yanadondoka tone tone. Nikajua nimelegeza mno skrubu ya kubana. Nikakaza. Nikakaza tena. Mota ikaanza kuguna, harufu ya kuungua ikapanda, mashine ikakwama. Nilizima. Nilichukua bisibisi nikaanza kuchokonoa mashudu yaliyoganda ndani, yamoto, mbele ya watu wote.

Niliwasha tena. Safari hii yalitoka, si vizuri, lakini yalitoka. Tulipopima, gunia letu lilitoa mafuta kidogo kuliko hata alizeti ya mistari inavyostahili. Mashudu yalikuwa bado yanang'aa, mafuta yamebaki humo.

"Yamepungua," alisema mzee.

"Yamepungua," nikakubali.

Nilikamua la pili, nikamjazia. Alikuwa mtu wa haki. Dumu lilipofika pale alipoona panatosha, aliniambia niache. Kisha akauliza, kwa upole, "Mama, utajifunza kwa alizeti ya nani?"

"Kwa yangu."

"Basi jifunze kwanza. Ukishaweza, nipigie. Namba yangu anayo marehemu."

Alisema hivyo hivyo, anayo, kana kwamba mume wangu ametoka kidogo tu. Kisha akaita dereva, aliyekuwa ameiacha Fuso kule barabarani, wakapakia magunia yake yote na ya majirani zake. Wengine walipoona Fuso inajaa, nao wakapakia yao. Wengi walisema wataelekea Shelui, kwamba kule mashine ni mpya. Sikumlaumu hata mmoja. Alizeti ni jasho la mwaka mzima. Hadi jua linashuka, stoo ilibaki na magunia ya shamba letu na moja la yule bibi mwenye mshono mbaya.

"Wewe hupeleki Shelui?" nilimwuliza.

"Nina haraka gani? Meno ya kula vya kukaanga sina."

Siku zilizofuata nilikamua peke yangu. Nilifungua banda asubuhi, nikamimina alizeti, nikawasha, nikakosea, nikazima, nikasafisha, nikawasha. Hakuna aliyepita kuuliza. Wakati mume wangu yupo banda lilikuwa na watu muda wote, hata wasio na alizeti walikuja kukaa tu, kuzungumza habari za mvua na za siasa. Sasa mashine ilinguruma na nje palikuwa na upepo. Mchana nilizima ili nile, na ule ukimya baada ya mota kuzimwa ndio sikuuzoea. Niliacha kupika mchana. Nikawa nakula kiporo nimesimama, mota ikiwa inazunguka.

Katika siku hizo nilikumbuka mafunzo ambayo mume wangu aliitwa mjini, ya wenye viwanda vidogo. Alirudi na kalamu na kofia, akanisimulia wakati tunakula. Walifundishwa namna ya kujiandaa na mambo ya ghafla. Umeme ukikatika wiki nzima utafanya nini? Barabara ikikatwa na maji? Stoo ikiungua? Alikuwa na majibu. Umeme ukikatika, jirani yetu mwenye mashine ya kusaga alikuwa na injini ya dizeli, walikwisha kukubaliana kusaidiana. Barabara ikikatwa, tutauza mafuta hapa hapa. Mwishoni mwalimu, kijana, akauliza, "Na mwenye kiwanda akiwa hayupo, nani atafungua?" Mtu mmoja akasema, "Mwalimu, usituchurie bwana," wakacheka, wakaenda kula. Mume wangu alicheka tena wakati ananisimulia, nami nikacheka. Kwetu kuuliza swali kama hilo ni kumwita mtu kaburini. Sidhani kama tulikosea kucheka. Tungelijibu vipi, sufuria likiwa katikati yetu na yeye mzima, anamega tonge?

Lakini jibu la swali lile lilikuwa dogo kuliko tulivyoliogopa. Lilikuwa ni kusimama karibu na mashine siku moja moja, nikaze mimi, yeye achote mafuta.

Nilijifunza pole pole. Nilijifunza kwamba asubuhi ya baridi alizeti inataka kuanikwa kidogo kwanza, ipate joto. Nilijifunza kukaza robo tu, kisha kungoja. Nilijua nimekaribia siku mashudu yalipotoka membamba, makavu, yanavunjika vidoleni kama maganda ya karanga. Magunia yetu yalikuwa yamebaki machache. Nikachukua la bibi, nikalikamua, nikampelekea dumu lake. Alifungua, akachovya kidole, akalamba, akafumba macho.

"Haya," alisema. "Wapigie."

Nilichukua simu ya marehemu, maana namba zote zilikuwa humo. Nikampigia mzee wa Sepuka. Iliita mpaka ikakatika. Nikapiga jioni, haikupokelewa. Nikawapigia majirani zake, mmoja mmoja. Simu ziliita, hakuna aliyepokea. Nilipiga kesho yake, na keshokutwa. Niliwaza kwamba wamekwisha kuzoea kule na wanaona haya kuniambia. Kuna jioni nilikaa na ile simu mapajani, giza linaingia, nikasema basi. Nitamwambia shemeji atafute mnunuzi wa mashine.

Lakini nilitaka niambiwe kwa mdomo. Asubuhi nilipanda bodaboda kwenda Sepuka, nikiwa na chupa ya mafuta na mashudu kidogo kwenye mfuko. Mzee nilimkuta uani kwake anapukuchua mahindi na mkewe. Niliwaamkia, nikapewa kigoda. Sikujua pa kuanzia, nikampa mfuko.

Alivunja shudu kwa vidole. Akalivunja tena. Akainua chupa kwenye jua.

"Hii ya nani?"

"Yangu. Ya mistari."

"Ya mistari?" Akampa mkewe naye atazame. "Sasa mama, mbona hukupiga simu? Nilikwambia piga."

"Nimepiga. Nimepiga kila siku."

Mzee alimtazama mkewe. Mkewe aliweka gunzi chini.

"Ni mimi niliyemkataza," alisema. "Tumekaa tunakula, simu inaita, natazama kwenye kioo, jina la marehemu! Mtu tuliyemzika! Mwenzangu, ungepokea wewe?"

Nilifikiri. "Nisingepokea."

"Umeona?"

"Na hao wengine," mzee aliuliza, "umewapigia kwa simu hiyo hiyo?"

"Wote."

"Wote!" Alianza kucheka mpaka akakohoa, akapigwa mgongoni na mkewe, naye mkewe akawa anacheka. "Ndiyo maana yule jirani wa upande wa pili kahamia kwa mwanawe. Kijiji kizima kinatetemeka ndani!"

Nilicheka nao, kisha kicheko kikageuka, nikafunika uso kwa kanga. Sikuwa nimelia msibani. Mama yule alisogeza kigoda chake karibu na changu, akaendelea kupukuchua, hakuniambia ninyamaze.

Mzee alinitembeza nyumba kwa nyumba. Kila mlango alisema maneno yale yale, "Aliyekuwa anawapigia ni huyu, mshikeni mkono muone ni wa moto." Wakanishika mkono. Wakaandika namba yangu. Wengine walisema wazi kwamba msimu huu wameshamaliza Shelui, wengine kwamba watatazama. Mzee hakuahidi kitu mbele yangu. Aliniambia tu kwamba bado ana magunia ndani.

Fuso ilikuja Jumamosi. Haikujaa, nusu tu. Nilikuwa bandani nilipoisikia ikipunguza mwendo barabarani, kisha ikasimama pale kwenye kona yetu, injini inaunguruma, haiingii. Nilitoka. Mzee alikuwa ametoa kichwa dirishani.

"Dereva anaogopa mtaro," alisema. "Siku zote alikuwa anaelekezwa na marehemu."

Nilikwenda nyuma ya gari, nikasimama kati ya mtaro na ukuta wa stoo, pale alipokuwa anasimama yeye. Nikainua mkono, nikaanza kuita kwa sauti ambayo sikuwa nimeitumia tangu msiba: njoo, njoo, njoo, kata kulia, njoo, njoo, simama.